Unga wa Mbao wa Baharini

Kitendawili! Ndugu wawili wanavutana kutwa, hakuna anayeshinda, anayekatika ni wa katikati.

Mmeshindwa, nipeni mji. Mlandizi? Naupokea. Nimekwenda Mlandizi, nimekaribishwa samaki wa Ruvu, minofu nimekula mimi, miiba nimewaletea ninyi. Jibu ni wapasua mbao: mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni, na gogo kati yao linakatwa kwa msumeno.

Marehemu babu yenu, Mwinyimadi, alikuwa yule wa shimoni. Nilipoolewa naye Kisarawe, enzi za Mwingereza, alirudi jioni ya kwanza nywele nyeupe kwa unga wa mbao, nikadhani nimeozwa mzee. Shamba la maana hatukuwa nalo. Msumeno ule ndio uliotulisha.

Basi alikuwapo Mzungu mmoja tukimwita Bwana Misitu. Siku moja alikwenda pwani kuogelea, akatoka amejaa chengachenga za kahawia mpaka kwenye ndevu, utadhani katumbukia katika shimo la babu yenu. Akawauliza wavuvi, nini hiki? Wakamjibu, "Unga wa mbao, Bwana." Ndilo jina walilokipa wao, kama sisi tunavyomwita mdudu vunjajungu, na majungu yangu yote mazima.

Bwana hakuuliza la pili. Nani wanapasua mbao? Watu wa Kisarawe. Mto Mzinga unaoingia baharini unateremka kutoka wapi? Vilima vya Kisarawe. Kesi imekwisha! Misumeno ikakusanywa, ikafungiwa stoo ya boma, na ufunguo akauvaa shingoni mwenyewe, kama hirizi.

Kaka yake mama mkwe wangu, Mfaume, mvuvi wa Mbwamaji, akaja bomani na chupa ya maji yale.

"Bwana, kitu hiki kilikuwa hai. Juzi cha kahawia, leo kimekufa, tazama maji yalivyogeuka mekundu. Mbao gani hiyo inakufa ikavuja damu?"

Bwana akanusa, akafumba macho, akanusa tena. "Mninga," akasema. Maana mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na yeye alikuwa mtaalamu.

Kilikuwa hai kweli. Mwanahalima wetu, anayesomea mambo ya bahari, alinieleza juzi hapa Mkuza. Ni bakteria, wadogo hata jicho haliwaoni mpaka washikane mafungu. Wanavuta naitrojeni, iliyojaa katika hewa hii hii tunayovuta bure, wanaigeuza mbolea, kama kunde zinavyorutubisha shamba la mihogo. Wakifa, mbolea inabaki majini, vijani vya baharini vinaila, dagaa wanakula vidudu vilivyokula vijani, nasi tunakula dagaa. Bila wao maji ya mbali kule yangekuwa shamba lililochoka. Bwana Misitu alikuwa amekamata mbolea ya bahari, akamshitaki mpasua mbao.

Baada ya siku chache unga ukatoweka wenyewe, kama ilivyo desturi yake. Bwana akatangaza ushindi, misumeno ikabaki stoo. Kwetu tukala kisamvu bila nazi. Babu yenu akawa anavuta msumeno usingizini, mpaka shuka langu la arusi likachanika.

Mwaka wa pili unga ukarudi, mwingi kuliko wa kwanza. Bwana akaitisha baraza, uso umemwiva. Karani wake Salehe akatafsiri: "Bwana anasema kuna mtu anapasua mbao kwa siri. Atajwe sasa hivi! Asipotajwa, misumeno itayeyushwa."

Nikamshika babu yenu mkono. Ndipo mama mkwe, Bi Mwanajuma, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Kitendawili!"

"Tega!" tukaitikia baraza zima. Bwana akaruka kitini.

"Msumeno umefungwa, unga umejaa bahari. Ufunguo anao nani?"

Wanawake tukauma kanga. Salehe akatafsiri jasho likimtoka. Bwana akajishika shingo, penye ufunguo.

"Kashindwa!" mama akasema. "Atupe mji!"

"Atupe mji! Atupe mji!" Watu wakapiga makofi.

Salehe maskini, kwa woga, akatafsiri neno kwa neno: wanataka uwape mji. Na siku hizo ndipo maneno ya uhuru yalikuwa yameanza kunong'onwa mpaka misikitini. Bwana, aliyekuwa mwekundu, akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Mji gani?"

"Wowote, baba," mama akajibu kwa upole. "Hata Dar es Salaam. Nikikaribishwa nikala, narudi."

Bwana akauvua ufunguo haraka, kamba ikamnasa sikioni. "Waambie mji si wangu, siwezi kuutoa. Wape misumeno waende zao!"

Babu yenu aliupokea wake kama anayepokea mtoto. Alikuta kutu kwenye meno, akaipangusa kwa kanzu yake ya Ijumaa, nami sikumgombeza. Tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele na msumeno begani ukinesanesa, mama mkwe nyuma akinung'unika:

"Msumeno katoa, lakini mji hajatoa. Na kitendawili hajakijibu."