Jaza Mpaka Shingoni

Siku ya kumi na nne, ambayo mkataba uliitaja kuwa ya mwisho ya kurudisha gari, mkunga aliingia kwenye uwanja wa magari na daftari kwapani na hasira ambayo hakujisumbua kuificha.

Wiki mbili nyuma, muuzaji alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alichukua gari lake kuukuu na akiba yake juu, akampa hili jeupe linalong'aa, na akaandika kwenye mkataba kwamba kwa lita moja linakwenda kilomita kumi na nane. Mkunga akafanya kama alivyofanya kwa miaka kumi na moja: akajaza tangi mpaka mafuta yakaonekana shingoni, akaandika kilomita, akazunguka kwa wajawazito wake, akajaza tena. Jibu lilikuwa kumi. Gari kuukuu lilikuwa likimpa kumi na nne.

Zahanati ilimpa lita ishirini kwa wiki, hakuna nyongeza. Kwa gari hili la kupendeza, wajawazito watatu wa milimani walikuwa hawafikiki tena, mmoja wao ana mapacha. Hilo ndilo lililomkereketa.

"Mama," muuzaji alisema kwa upole wa kuudhi, "gari halina tatizo. Tatizo ni mguu. Mnakanyaga sana."

"Mnakanyaga, nani?"

"Nyinyi... kina mama."

"Haya. Leo mimi abiria. Endesha wewe."

Kwenye kituo cha mafuta pampu ilijikata yenyewe, kama tangi limejaa. Mkunga akashuka, akalisukasuka gari kwa nyonga, hewa itoke. "Ongeza, mwanangu, mpaka niyaone," alimwambia binti wa pampu. Muuzaji akacheka.

Aliendesha kilomita hamsini kama aliyebeba mayai. Alizima kiyoyozi, akafunga madirisha, jasho likamlowesha mpaka tai, na kwenye miteremko akatoa gia gari lijiendee. Mkunga aliyaona yote. Leo atajua hajui, aliwaza.

Waliporudi, pampu ilijikata kwenye lita tatu.

"Tatu!" muuzaji alipiga makofi. "Hamsini kwa tatu! Umeona, mama?"

Mkunga aliitazama namba ya pampu. Akikubali hapa, kwisha habari ya milimani. "Ongeza," alisema.

"Si imejikata yenyewe!"

"Hata mwanzo ilijikata yenyewe, tukaongeza mbele ya macho yako."

Binti wa pampu aliwatazama wote wawili. "Tulianzia shingoni, kaka," alisema. "Tunamalizia shingoni." Akabonyeza tena, taratibu, mpaka mafuta yakaonekana. Lita tano kamili.

Hamsini kwa tano. Daftari halikuhitajika.

Uwanjani walikuta gari kuukuu limepandishwa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja. "Tulishaanza kulifungua, mama," muuzaji alisema akikwepa macho yake. "Nikupe chochote, yaishe?"

"Hicho chochote kitampima presha mama wa mapacha?" Mkunga alivuta kiti, akakaa mlangoni pa ofisi. "Fungeni magurudumu yangu. Yale yale."

Kila mteja aliyeingia aliuliza kulikoni, na kila mmoja alisimuliwa kwa sauti, bila kuruka kitu. Mteja wa tatu alipogeuka kuondoka, muuzaji aliwaita mafundi.

Ikabaki fomu. Kwenye sababu ya kurudisha gari, muuzaji alimsihi aandike kuwa halikumfaa tu. Mkunga akaandika kwa herufi kubwa: *Muuzaji aliendesha mwenyewe. Kilomita kumi kwa lita.*

"Tia saini, baba."

Akatia, akamrudishia na akiba yake.

Gari kuukuu lilikohoa, likawaka. Mkunga hakupitia nyumbani. Alishika barabara ya mlimani moja kwa moja. Mama wa mapacha alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba.

"Nilidhani umetutupa," alisema.

"Mimi? Thubutu!" Mkunga alimfunga kipimo mkononi, akasoma, akasoma tena. Presha ilikuwa juu mno. Alimshika mkono akamwinua.

"Panda," alisema. "Tunashuka zahanati sasa hivi."