Shingo kwa Hamad, Kiwiliwili kwa Othman

Saksafoni ni chombo kimoja. Silima aliwaambia hivyo wenziwe wa bendi klabuni, mjini Chake, Pemba, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali, na mwisho kwa matusi ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya wakwe zake. Hakuna aliyemsikiliza.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, siasa imeingia mpaka jikoni. Mtu akisusa duka la jirani yake, hususa na maziko yake pia. Bendi yao ya jazi, iliyowachezesha watu tangu Mkoani hadi Wete, nayo ikapasuka. Hamad, mpiga gitaa, akaongoza upande mmoja. Othman, mpiga ngoma, akaongoza wa pili. Wawili hao ni watoto wa ndugu, waliotahiriwa siku moja, na sasa hata salamu hawapeani.

Vyombo vilikuwa mali ya klabu. Wanachama wote walichuma karafuu msimu mzima, ujira wakautia mfuko mmoja, wakavinunua. Basi vikagawanywa. Gitaa huku, ngoma kule. Ikabaki saksafoni, na hakuna aliyekuwa radhi wenziwe waipate wakaipulize kwenye mikutano yao.

Wakafanya walivyozoea. Pemba mtu akifa akaacha mkarafuu mmoja na warithi saba, mkarafuu huo huo utagawanywa, kila mmoja apate fungu lake. Na saksafoni wakaigawa vivyo hivyo. Othman akachukua kiwiliwili. Hamad akachukua shingo na mdomo wa kupulizia.

"Mna wazimu nyinyi!" Silima akapiga kelele. "Mkarafuu mkiugawa unazaa. Hichi mkikigawa kinazaa nini?"

"Kwani weye u upande gani?" akauliza Othman.

"Mie mpuliza saksafoni."

"Huo si upande," akasema Hamad, na Othman akatikisa kichwa kukubali. Siku nzima hiyo, hilo ndilo pekee waliloafikiana.

Silima alijifunza kupuliza Unguja, kwa Mgoa mmoja aliyempiga kofi kila alipokosea pumzi. Aliporudi Pemba wazee walimwita muhuni, na mamamkwe wake akaapa kutokula chakula chake. Alivumilia. Alipuliza mpaka wazee wale wale wakawa wanatuma watu kuuliza bendi inacheza lini. Na binti yake wa pekee, Mwanakhamis, alikuwa halali ila kwa sauti ile. Silima alimwahidi tangu mdogo: "Siku utakayoolewa, n'takutoa nyumbani mwenyewe, kwa saksafoni." Mtoto hakuisahau ahadi hiyo, na baba ndiyo kabisa.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata mgawanyo huo.

Silima akaenda kwa Othman, akamwomba kipande chake kwa siku moja tu. Othman akamtilia kahawa. "N'takupa kiwiliwili, Bwana Silima, Hamad akishatoa shingo." Akaenda kwa Hamad, Gombani. "Nianze kutoa mie? Wanicheke?" Na kila mmoja, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja, akamwambia kwamba angekata kadi ya chama chake mambo yangekuwa mepesi.

"Zikate zote mbili," akasema mkewe, Mwatima.

"Nikizikata zote mbili wataniua mara mbili."

Walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na nyongo ndani yake.

Siku ya harusi Mwanakhamis akatoka kwa babake kimya, bila saksafoni. Wanawake wa upande huu hawakuja kwa kuwa wa upande ule wamealikwa, na wa upande ule hawakuja kwa sababu hiyo hiyo. Vigelegele vilipigwa na Mwatima na wifi yake, vikakatika. Pilau likabaki masufuriani. Bwana harusi, kijana wa Kiuyu, akanong'ona kuuliza kama nyumbani kuna msiba. Silima alisimama mlangoni, vidole vikibonyeza kanzu yake wimbo ambao haukusikiwa na mtu. Binti alimtazama mara moja, akateremsha buibui.

Miezi haikuwa mingi, wakubwa wa vyama viwili vile wakakaa meza moja huko Unguja, wakaungana. Hivyo tu! Watu waliokwisha kuacha wake, waliosusia maiti za wajomba zao, wakaambiwa sasa washangilie.

Othman na Hamad wakaja kwa Silima wameshikana mikono, kila mmoja na kipande chake.

"Kesho kuna sherehe," akasema Hamad. "Tupigie. Sasa siye wamoja."

Silima akavipokea. Ngozi za vibonyezo zilikuwa zimegugunwa na panya katika ghala la karafuu. Shingo ilikuwa imepinda. Watoto wa Hamad walikuwa wakiifanya filimbi. Akaviunga, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu.

"Itatengenezeka," akasema Othman. "Yaliyopita si ndwele."

Hasira zikampanda Silima.

"Mwari hutoka kwa babake mara moja, Othman."

Silima akaichomoa shingo, akamtia Hamad mkononi. Kiwiliwili akampa Othman.

"Shikeni mafungu yenu," akasema. "Huo urithi wenu. Mtu hurithiwa akifa; mnajua wenyewe mlomuua nani."

Akaingia ndani, akafunga mlango.