Propela Mpya ya Abdulshakur

Baba yake Abdulshakur alifariki Ibadakuli, Shinyanga, kabla ya adhana ya alfajiri, na simu ilipomfikia mwanawe kule Geita, jambo la kwanza alilolifikiria baada ya kulia lilikuwa gari. Sisemi kwamba hakumpenda baba yake. Alimpenda, tena sana. Ila mapenzi ya mtu mwenye majivuno hayatulii mpaka yaonekane na watu.

"Tunamzika leo baada ya swala ya adhuhuri," dada yake Mwasiti alimwambia kwenye simu. "Wewe ndiye wa kushuka kaburini kumpokea baba. Mama amesema asishuke mwingine."

"Naja," alisema. "Naja sasa hivi."

Na basi la Shinyanga lilikuwepo. Lilikuwa stendi linapiga honi, na kutoka nyumbani kwake Kalangalala mpaka stendi hata mwenye mguu mbovu anafika kabla chai haijapoa. Tangu daraja lile refu lifunguliwe hakuna tena kungoja kivuko. Ukiondoka asubuhi, adhuhuri uko kwenu. Abdulshakur hakwenda stendi. Alikwenda gereji kwa fundi Athanas.

Huko ndiko lilikokuwa Altezza lake, limeinuliwa juu ya vyuma. Abdulshakur alikuwa broka wa dhahabu, na alichokipata kwa wachimbaji alikipeleka kwenye gari lile. Alikuwa ameliwekea injini ya turbo, na injini hiyo ikaishinda propela, lile bomba la chuma linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Propela ya zamani ilikuwa ya vipande viwili, na gari likishika kasi ilitetemesha mpaka viti. Akaagiza nyingine kutoka Dubai, ya alumini, kipande kimoja, nyepesi, ya magari ya mashindano. Ile ya zamani akaivua na kumpa mtu wa Katoro kabla mpya haijafika. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwa na Altezza.

Mpya ilikuwa imefika jana yake, ingali ndani ya boksi.

"Pole sana, bosi," Athanas alisema aliposikia habari za msiba. "Wewe panda basi. Mimi nitaifunga taratibu, nikuletee gari mwenyewe mpaka msibani."

"Kuifunga inachukua muda gani?"

"Ikikubali, saa moja tu. Isipokubali, sijui."

Abdulshakur alisikia ile nusu ya kwanza. Basi linasimama kila kituo, alijiambia. Kwa gari hili nitalipita kabla ya Misungwi. Na tuseme kweli yote: hakuona ni vipi yeye, aliyewaambia watu wa Ibadakuli habari za gari lake miaka yote hii, ashuke kwenye basi na begi mgongoni siku ambayo mtaa mzima umekusanyika. Haya, na huyo ni mtu mzima, ana ndevu na watoto.

Haikukubali. Matundu ya propela mpya hayakukutana na matundu ya difu, ile gia ya nyuma inayopokea nguvu ya propela. Ikabidi kutengenezwe kipande cha kuziunganisha, kwa mkereza vyuma, na mkereza vyuma alikuwa na foleni ya watu wa karasha za mawe ya dhahabu, nao walifika mapema na hawakutaka kusikia habari za msiba wa mtu.

Wakiwa kwenye foleni hiyo Mwasiti akapiga. "Kaka, umeshaondoka?"

"Niko njiani."

Uongo huo tunausema wote. Mtu yuko bafuni ana povu kichwani anasema yuko njiani, na hakuna anayeumia. Shida yake ni kwamba hauishi peke yake, unazaa. Baadaye Doto, mume wa Mwasiti, alipopiga kuuliza amefika wapi, Abdulshakur alikuwa amelala chali chini ya gari akimshikia Athanas ile propela, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Ndiyo kwanza navuka daraja, shemeji. Mwambieni imamu anisubiri kidogo."

Kwa neno hilo imamu akakubali kusogeza maziko mpaka alasiri. Maiti hasubirishwi hivihivi, ilikuwa heshima kubwa. Abdulshakur alipopewa taarifa aliona aibu, kweli aliona, na akaizima simu ili asiendelee kudanganya. Yaani mtu uongo umemzidi kimo, na badala ya kusema kweli anazima simu.

Adhuhuri ilikuwa imepita zamani alipotoka Geita. Na propela ile ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Alivuka daraja hilo alilodai kulivuka saa nyingi nyuma, akapita Usagara, akakanyaga mafuta, na gari halikutikisika hata chembe. Mungu amsamehe, kwenye tambarare ya Hungumalwa alitabasamu.

Njia ya mwongo ni fupi. Alipoingia Ibadakuli watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Hakuna aliyeligeukia gari. Mwasiti alimkimbilia, akampapasa mikono na uso kama anayehesabu viungo vyake, kisha akampiga kifuani kwa ngumi, akalia.

"Nani alishuka kumpokea baba?" Abdulshakur aliuliza.

"Mtu mmoja wa msikitini. Hata jina simjui. Wanaume wetu hawakuwepo. Ingia kwa mama."

Mama yake alikuwa amekaa mkekani, chumba kimejaa wanawake. Abdulshakur alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulisema umevuka daraja, halafu simu haipatikani. Tukajua umekufa." Alimtazama kwa muda. "Gari lilikuharibikia njiani, ng'wanawane, mwanangu?"

Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, na kila mwanamke mle ndani aliliona hilo. Abdulshakur aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, mama. Liliharibika."

"Basi. Ni kazi ya Mungu." Akamwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akimwekea utotoni akiwa na homa.

Nje pikipiki zikazimwa. Doto aliingia na wapwa wawili nyuma yake, suruali zimejaa tope mpaka magotini. Alimwona shemeji yake, akasimama hapohapo. Hakupandisha sauti. Alizungumza na mama mkwe wake tu.

"Tumeshuka kwenye kila mtaro na kila kalavati toka hapa mpaka Maganzo, mama, tunatafuta maiti yake. Ndiyo maana hatukumzika baba. Tukiwa mtaroni, gari lake likatupita. Linakwenda vizuri sana. Halina ubovu wowote."

Mama aliondoa mkono kichwani pa mwanawe, akaufunika kwa khanga pamoja na ule mwingine.

"Mwasiti," alisema, "mletee mgeni maji ya kunawa, ale. Ametoka mbali."