Fundi Chumvi na Lifti ya Ghorofa ya Tisa

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji. Nimemwahidi mke wangu kwamba akikuta humu uongo hata wa kujaza kijiko, vyombo vyote vya nyumba hii nitaviosha mimi mpaka mikono iote magamba. Amecheka, akavaa miwani, akakaa tayari.

Palikuwa na fundi lifti mstaafu. Watu walimwita Fundi Chumvi, kwa kuwa hakuna habari iliyopita kinywani mwake ikatoka na ladha ile ile. Aliishi peke yake katika chumba cha chini kabisa, dirisha likitazamana na magurudumu ya magari, na alikuwa amebakiwa na haja moja tu duniani: kufika ghorofa ya tisa ya jengo jingine. Huko ndiko alikolala binti yake wa pekee. Saratani ilikuwa imeingia mifupani, na hospitali ilikwisha kumrudisha nyumbani kwa yale maneno ya upole ambayo maana yake kila mtu anaijua.

Ngazi Fundi hakuziweza. Magoti yake yalikwisha zamani, kwa miaka mingi ya kupiga magoti juu ya vyuma. Ilibaki lifti. Na ndani ya lifti, fundi lifti hakuweza kutia mguu.

Kisa ni hiki. Siku moja kazini breki iliachia, kibanda cha lifti kikashuka kwa kishindo na kukwama katikati ya ghorofa mbili. Fundi alikuwa juu ya kibanda, gizani. Mwenzake, kijana mwembamba waliyemwita Kijiti, alikuwa chini yake, amebanwa. Kijiti alimwita, akamwita, mpaka sauti ikawa nyembamba kama uzi, na uzi ukakatika. Waokoaji walipofika walimkuta Fundi bado anaitikia.

Basi kila juma alijikokota mpaka kwenye lile jengo, akabonyeza kitufe, akatazama milango ikifunguka. Harufu ya grisi ikimfikia puani, miguu inagoma. Hapo hutoka nje, akasimama kando ya ukuta na kofia yake ya kijani, akampigia binti simu.

"Leo sifiki, mama. Dereva wa basi kaoa abiria njiani. Tumezuiwa wote tuwe mashahidi."

"Bibi harusi kavaa nini?"

"Koti la mvua. Na pete imetoka kwenye kopo la soda."

Binti alicheka mpaka kikohozi kikamkata maneno. "Njia ya mwongo fupi, baba. Nikikunasa, malipo unayajua."

Aliyajua. Tangu binti akiwa mdogo, sheria ya nyumba yao ilikuwa hiyo: anayenaswa na uongo anamwosha miguu aliyemnasa. Mtoto aliiosha miguu ya babaye mara nyingi. Baba hakuwahi kunaswa hata mara moja.

Kisha siku moja simu aliipokea mkwe. "Mzee, hadithi zako anazipenda. Lakini siku hizi analala katikati ya maneno. Njoo umwone angali anakutambua." Akampa na anwani ya tabibu mmoja anayetibu hofu kwa hipnosi.

Ofisi ya tabibu huyo ilikuwa chini, nyuma ya duka la miwani. Ingekuwa juu, hadithi ingeishia hapa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu anayepoza uji wa mtoto. Chumbani mlikuwa na viti viwili, pazia zito na saa isiyofanya kazi.

"Nimesikia unawalaza watu, kisha unawawikisha kama majogoo," Fundi alisema kabla hata ya kukaa.

"Hao ni wa jukwaani, mzee. Mimi simlazi mtu. Hujawahi kusoma gazeti mpaka chai ikapoa, na aliyekuita hukumsikia? Ni hali hiyo hiyo. Mwili unatulia, akili inakaa mahali pamoja. Hapo maneno mazuri yanapata pa kuingia."

"Na siri zangu zinapata pa kutokea?"

"Hapana. Hata ukiwa humo unaweza kunidanganya, na unaweza kuinuka ukaenda zako."

"Basi tutaelewana."

Akamdanganya papo hapo. Alipoulizwa kazi, akasema alikuwa fundi magodoro. Alipoulizwa shida, akasema hapati usingizi, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini kweli ya pembeni. Kijiti hakumtaja. Kwake, kumtaja ilikuwa kama kumwita tena.

Tabibu akamwambia atazame alama moja ukutani, avute pumzi, aitoe polepole kuliko alivyoivuta. Kope zikawa nzito. Mabega yakashuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Fundi alihisi taya zake zinaachana. Ndipo tabibu, kama alivyozoea kufanya kwa kila mgonjwa ili atulie zaidi, akasema kwa ile sauti ya uji: "Sasa milango ya lifti inafunguka mbele yako. Unaingia. Lifti inaanza kushuka, taratibu, na kila ghorofa unazama zaidi..."

Fundi alisikia chuma kikikwaruza. Alisikia jina lake likitoka chini ya miguu yake. Tabibu alipoinuka kitini, mzee alikuwa sakafuni, amekumbatia mguu wa meza, suruali imelowa, anaitikia, "Nipo, Kijiti, nipo."

"Fungua macho, mzee. Gusa sakafu. Niambie ni ya nini."

"Simenti."

"Mimi ni nani?"

"Muuaji."

Tabibu aliketi naye pale chini mpaka pumzi zikarudi. "Nimekosea," alisema. "Sikupaswa kumshusha mtu kwa lifti bila kumuuliza kwanza kama anaiogopa."

"Ungemuuliza fundi magodoro. Angekwambia anaipenda."

Tabibu akamtazama. "Mficha maradhi..."

"Usiimalizie. Aliye kifoni si mimi." Na hapo, akiwa bado kwenye simenti, alimweleza yote: shimo la lifti, sauti, binti wa ghorofa ya tisa na harusi ya dereva wa basi.

Wakaanza upya, na safari hii njia aliichagua Fundi. Hakuna kushuka. Alijiona katika karakana yake ya zamani, kwenye benchi, spana mkononi, mlango uko wazi na jua limeingia. Akiwa katika utulivu ule alibana kidole gumba na cha shahada, kama anayekaza nati ndogo, mpaka kule kubana kukazoeana na utulivu wenyewe. Tabibu alimfundisha kufanya hivyo nyumbani. Halafu, Fundi akiwa ametulia vile vile, alimtembeza kwa mawazo: mpaka mlangoni mwa jengo, siku nyingine mpaka kwenye kitufe, siku nyingine mguu mmoja ndani. Hofu ikipanda, wanarudi karakanani.

"Utamtoa lini Kijiti?" Fundi aliuliza.

"Simtoi. Hii si sabuni, mzee. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo, wengine haiwagusi kabisa. Kijiti atapanda na wewe. Tunachotafuta ni asikushike mguu."

Asubuhi aliyokwenda, hakumwambia mtu. Milango ikafunguka, grisi ikanukia. Akabana kidole, akaingia. Lifti ilipotikisika, sauti ikamwita kutoka chini, na Fundi akajibu kwa utulivu, "Nipo. Twende wote." Shati lilikuwa linachuruzika jasho alipotoka, lakini alitoka akiwa wima.

Kitanda cha binti kilikuwa kimesogezwa dirishani. Kilichobaki juu yake kilikuwa macho na meno.

"Umechelewa, baba. Harusi imekuwa ndefu."

"Bibi harusi alibadili mawazo. Ikabidi tumbembeleze basi zima."

"Baba. Kofia ya kijani naiona kutoka hapa. Kila ukiniambia basi limekwama, naiona iko pale ukutani."

Fundi aliivua kofia. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeona haya, ungeacha kuja hata huko chini." Akatoa miguu nje ya shuka. "Lipa."

Mkwe alileta beseni la maji ya uvuguvugu. Fundi alipiga magoti, na magoti yakamlia. Ile miguu ilikuwa baridi na myepesi kama viatu visivyo na mtu. Alitafuta hadithi ya kumpa, hakuipata. Kilichomjia ni sauti ya uji.

"Vuta pumzi, mama. Itoe polepole. Sikiliza joto la maji tu. Linapanda. Limefika kwenye vifundo. Acha lipande lenyewe."

Kipaji cha uso wa binti kililegea. Maumivu hayakuondoka. Yalisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Na tangu siku hiyo Fundi alipanda lifti kila asubuhi, akamwosha miguu, mpaka mvua zikaanza na binti akazisikia dirishani.

Hapo mke wangu ameweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ndiye aliyekwenda kukaa na wafiwa.

"Mvua zilinyesha tumeshazika," amesema. "Na yule mzee alipanda mara moja tu. Nilipoingia, maji ya beseni yalikuwa hayajamwagwa."

Amevua miwani, akanielekeza jikoni kwa kidevu. Nimekunja mikono ya shati. Masufuria ni mengi.