Kuku wa Arobaini ya Marleny

"Mtoe kuku wako mezani kwangu, Mama Rubiela, kabla sijamgeuza mchuzi!"

"Kuku wangu?" Rubiela alisimama uani, mikono kiunoni. "Huyo si wangu, ni wa marehemu mkeo. Mchinje mwenyewe kama roho inakupa."

Arcesio akanywea. Kuku mwekundu alikuwa akitembea katikati ya chupa za mtoto zilizochemshwa asubuhi, kama bwana afya. Na Rubiela hakusema uongo. Huko milimani kwao, mwanamke akishika mimba jirani humfugia kuku, ili akijifungua anywe supu arobaini nzima, maziwa yashuke. Huyo mwekundu Rubiela alimfuga kwa ajili ya Marleny. Marleny akajifungua binti, akamtazama mara moja, damu ikakataa kukatika. Kuku akabaki hai.

"Basi nachemsha upya," Arcesio akasema.

"Upya! Mtoto mwenyewe halali. Mtilie maji ya sukari guru kwenye chupa, alale, nawe ulale. Mimi wangu sita nimewalea hivyo, na wote wana meno."

"Wilmer wako anayo mawili."

Kicheko kikatoka dirisha la jirani wa tatu. Rubiela hakucheka. Alimkwapua kuku. "Haya, bingwa wa chupa. Lea na huyo nesi wako wa kliniki!"

Ua ukabaki mtupu. Zamani ungekosa pa kukanyaga hapo: akina mama wakichambua kahawa na kumsengenya padri, Marleny akiwazidi wote kwa kicheko. Baada ya mazishi walikuja kusali siku tisa, wakala, wakanywa, halafu kila mtu akashika njia yake. Supu hupelekwa kwa mzazi, mwanamke aliyejifungua. Mwanamume nani amletee?

Alichemsha chupa na chuchu zake, akaosha mikono. Akatia unga wa maziwa maji yangali ya moto, vijiko vya kusawazisha kama nesi alivyomwonyesha, asizidishe wala asipunguze. Akaipoza chupa kwenye beseni, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono. Vuguvugu. Ndipo akampakata bintiye Yurani, kichwa juu kidogo, chupa imeinama chuchu ijae maziwa.

"Wilmer kaachwa tena na mchumba," akamnong'oneza. Umbea wote wa mtaa siku hizi alimpa yeye. Hakuwa na mwingine wa kumpa.

Mvua ikashuka ghafla. Kahawa! Ilikuwa yote imeanikwa nje. Arcesio akamlaza mtoto kitandani, akakunja shali, akaegemeza chupa juu yake, chuchu mdomoni. Mara moja tu, akajiambia, akatoka mbio.

Hakufika mbali. Nyuma yake palikuwa kimya, na kimya hicho hakikumpendeza. Alirudi, akamkuta mtoto uso umepiga weusi, maziwa puani.

"Mama Rubiela!"

Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Tena. Tena. Yurani akakohoa, akatapika, akalia kwa sauti ambayo Arcesio hakuwahi kuipenda hivyo.

Rubiela alikuwa mlangoni, amelowa, mikono ina unga wa mahindi.

"Nilimwacha na chupa," Arcesio alisema, machozi yakimtoka. "Peke yake. Kwa ajili ya kahawa."

Rubiela alimsikiliza mtoto kifuani, akamtazama rangi yake ikirudi. Kisha akatoka akaizoa kahawa mvuani. Aliporudi, Arcesio alikuwa na mtoto begani, akimwaga maziwa yaliyobaki.

"Unayamwaga?"

"Mabaki hayangoji, Mama. Vijidudu havina huruma." Akaitumbukiza chupa sufuriani.

"Mbishi kama mkeo," Rubiela akasema polepole, akaenda zake.

Mvua ilipokatika, uani kwa Rubiela kuku mwekundu alipiga ukelele mmoja, basi. Baadaye ikaja harufu ya kitunguu na giligilani. Arcesio alikaa kitandani, Yurani kifuani, akiivuta harufu ile ambayo Marleny hakuipata.

"Arcesio!" Sauti ikapita juu ya ukuta. "Mlete mtoto!"

Alisogea hadi mlangoni kwa Rubiela, akasita. "Mama, hiyo ni supu ya mzazi."

"Na anayemlisha usiku ni nani, kuku? Nipe mtoto, unionyeshe kichwa kinakaaje akinywa. Ingia ule, mzazi wewe, inapoa."