Anywe Ndugu Yako

Adventina alilijua kosa lake pale pale mtungi ulipotuliwa uwanjani. Miezi minne, kwenye kliniki yake ya saikolojia Biharamulo, alikuwa akimsaidia mzee Habonimana kuachana na pombe aliyoinywa zaidi ya miaka ishirini ili asiote ndoto za mto. Alimwonya asiguse hata tone. Vizuri sana. Lakini msomi mzima, mwenye shahada mbili, hakuuliza kama mzee ana binti wa kuozesha!

Sasa wakwe walikuwa wamefika nyumbani kwa mzee, kijijini Mbuba, na pombe yao ya ndizi. Fideli, baba wa kijana, alionja kwanza kuonyesha haina sumu, akaufuta mrija, akampa baba wa binti. Huyo asipokunywa, ama amemkataa kijana, ama amewaita wageni wachawi.

Habonimana aliupokea mrija. Adventina alikuwa amealikwa kama rafiki tu wa familia. Akisema neno, atakuwa ametoa siri ya mgonjwa mbele ya ukoo mzima. Akinyamaza, siku mia moja na kumi na mbili zitazama kwenye ule mtungi. Alijichukia.

"Sinywi," mzee akasema.

Uwimana, binti mwenyewe, alikuwa mlangoni na mashangazi zake, uso ukamsawajika.

"Pombe yetu ina nini?" Fideli akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Haina kitu, mkwe wangu. Mwenye ugonjwa ni mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikionja tu, nimekwisha."

Wazee wakanong'onezana. Fideli akakuna kidevu.

"Haya. Desturi nayo ina huruma yake. Anywe ndugu yako wa tumbo moja kwa niaba yako. Yuko wapi?"

Adventina akafumba macho. Swali hilohilo alikuwa amelizunguka miezi minne, na kila alipolisogelea mzee alichukua kofia yake akaaga.

Safari hii Habonimana hakuondoka. "Nilikuwa naye," alisema. "Tulikuwa tunakimbia kutoka Burundi, tunavuka mto, nimemshika mkono. Alikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyemwachia. Watu wangesema ni maji, lakini ni mimi." Akautazama mrija. "Anaitwa Idefonsi."

Hata mkewe hakuwahi kulisikia jina hilo.

Ndipo Uwimana akatoka mlangoni, bibi harusi ambaye bado hakutakiwa hata kuonekana. Mashangazi walimvuta kanga, hakujali. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akauchukua mrija mkononi mwake.

"Hii ni ya baba mdogo," akasema, akanywa.

Fideli akavua kofia.

"Idefonsi amekunywa," akatangaza. "Tumepokelewa."

Habonimana akaangua kilio kwa sauti, mbele ya wakwe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.