Neno la Kumwambia Mama

Daisy Mghoi hakuwa mchoyo wa dharau, na mwaka ule wa 2003 dharau yake yote aliimwagia mikebe miwili ya bati.

Mdogo wake, Naftali, aliletwa London asomee uhasibu. Badala yake alisimamishwa barabarani na msichana mwenye tabasamu la kuuzia, akajaza bure fomu ya maswali mia mbili, akaambiwa nafsi yake ina makovu ya maisha aliyoyaishi kabla hajazaliwa. Akaamini! Mtoto aliyemaliza fomu foo. Tangu siku hiyo hakukosa Senta, kama wafuasi wa dini hiyo walivyopaita wenyewe. Huko alishikishwa mikebe miwili iliyofungwa nyaya kwenye mashine, na mtu wa upande wa pili wa meza akamhoji huku akiangalia sindano inavyocheza. Sindano ikitulia, umepanda ngazi. Ngazi zenyewe hazikuwa na mwisho, na waliofika juu kabisa ati waliweza kuhamisha vitu kwa mawazo. Daisy aliuliza mbona basi hakuna hata mmoja aliyewahi kuhamisha vyombo vichafu kwenye sinki lake.

Mara moja tu alikubali kufuatana naye huko. Alikuwa ametoka zamu hospitalini, na katikati ya hotuba akapiga mwayo. Msimamizi wa Naftali, bwana mmoja mpole aitwaye Pradip, akaja mbio na kamusi. Alimweleza kwamba hakuna mwayo wa bure. Ukipiga mwayo ujue umeruka neno usilolielewa, rudi ulitafute.

“Sijaruka neno,” Daisy akamjibu kwa Kiingereza chake cha wodini. “Nimeruka usingizi.”

Pradip akaandika kitu kwenye daftari. Watu wale waliandika kila kitu, na hakuna walichokielewa.

Hayo Daisy aliyacheka. Kicheko kilimkauka Jumapili moja asubuhi, alipoingia jikoni kwake Walthamstow akamkuta Naftali ameketi na simu mbele yake, kadi ya kupigia Kenya imeshakwaruzwa.

“Sister, Mama ni suppressive,” alisema.

“Ni nini tena hiyo?”

“Mtu anayekukandamiza usipande. Nilipomtaja, sindano iliruka.”

Kosa la mama yao, mjane aliyekuwa zake Wundanyi akipalilia maharagwe, lilikuwa kucheka. Aliposimuliwa habari za mikebe alisema, “Kama ni kushika mikebe, rudi nyumbani, iko ya kuchotea maji.” Basi. Kwa hilo Senta iliamua Naftali asipande ngazi nyingine mpaka a-disconnect: amwambie mamake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba hawatasemezana tena maishani.

Daisy akavuta kiti. “Na hiyo disconnect utamwambia kwa Kiswahili gani?”

Naftali alifikiri. Kwa Kiingereza neno lile lilikuwa safi, limevaa glavu. Kwa Kiswahili hakulipata, maana kwa Kiswahili mtu humkana mama yake, na hilo hata mlevi halisemi.

“Ninyi si ndio watu wa kamusi?” Daisy akamsukuma. “Sema nakukana. Mama ataelewa vizuri sana.”

“Usini-invalidate, sister, usinidharau.”

Akapiga. Alibonyeza spika, labda ili apate shahidi wa kumpelekea Pradip. Simu ikaita mara mbili tu.

“Naftali! Umekula?”

“Mama,” alisema, na sauti ikawa ya mtoto. “Nimekupigia nikwambie... nime-disconnect na wewe.”



“Ati nini? Line inakatika. Sikusikii, mwanangu. Hebu sema tena.”

Daisy alimkazia macho ndugu yake. Naftali aliangalia meza.

“Nimesema, Mama, nime-disconnect.”

“Bado sikusikii. Kata, halafu upige tena. Mimi niko hapa, nangoja.”

Naftali hakukata. Aliinuka, akavaa jaketi. “Nimemwambia,” alimnong’oneza dada yake. “Mara mbili. Inahesabika.” Akatoka kwenda kuripoti Senta, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Daisy alimdharau kama ambavyo hakuwahi kumdharau mtu. Hata kumkana mama alishindwa kumkana kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Alimtupia neno la kuazima, akakimbia. Alitamani amfuate mpaka kituo cha treni amzabe makofi mbele za watu. Lakini simu ilikuwa bado iko hewani, na upande wa pili mtu alikuwa anangoja. Akaisogeza karibu.

“Mama, ni mimi, Daisy. Naftali ametoka kidogo. Line ni mbaya leo, atapiga siku nyingine.”

Alipousikia uongo wake mwenyewe alijichukia papo hapo.

“Line ni nzuri,” mamake akasema taratibu. “Hata mlango nimeusikia akiubamiza.”

Daisy aligeuka akautazama mlango.

“Na yeye nilimsikia mara ya kwanza. Disconnect naijua, si ndiyo ile ya watu wa stima wanapokuja kukukatia umeme? Nilimwambia sisikii ili apate nafasi ya kusema kitu kingine.”